Ndoo ya Fundi Bomba

Fundi bomba wa mtaani kwetu ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya mpiga zege na sauti ya chini, ukitaka kumsikia sharti usogee. Siku za kazi anazibua masinki ya watu. Kila likizo anafunga karakana yake siku nne, anawakusanya shuleni watoto wa darasa la sita hadi la nane, wanalala madarasani, wanajifunza kuongoza wenzao na kukataa vileo vya kunywa, kuvuta na kunusa. Halipwi chochote. Mumewe humtania kwamba bomba linalovuja kuliko yote mtaani ni la nyumbani kwao.

Safari hii binti yangu wa miaka kumi na mitatu alikwenda, nami nikajitolea kumenya viazi jikoni. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumchunga. Alikuwa amepoa siku hizi, na kimya kingi kina mshindo. Jioni ya kwanza kundi lake lilimchagua awe kiongozi, nikajivuna, lakini roho haikutulia.

Kambi ina sheria iliyotunung'unisha wazazi: mabegi hayapekuliwi. Stoo kuna ndoo yenye mfuniko. Mwenye kileo akitumbukize mwenyewe kabla ya chakula cha mchana cha siku ya tatu, na hataulizwa neno. Mimi niliona huo ni uzembe. Siku ya pili, watoto wakiwa uwanjani, nikapekua begi la binti yangu. Ndani ya soksi nikakuta kichupa cha gundi, kimebaki nusu. Nikakitia mfukoni mwa aproni. Usiku kucha sikulala.

Kesho yake, kwenye foleni ya chakula, binti yangu alimwendea fundi. Mbele ya kundi lake akaeleza kwamba alikuja na gundi, asubuhi alitaka kuipeleka ndooni, akaikosa. Aliogopa kwamba mmoja wa wadogo ameichukua.

"Nirudisheni nyumbani," akasema, "lakini kwanza itafuteni."

Nikadondosha upawa niliokuwa nikipakulia. Nikamvuta fundi stoo, nikamwonyesha kichupa. Alikigeuza polepole. Akaniambia gundi hiyo ni ya kuungia mabomba, na yeye aliinusa miaka miwili katika karakana ya baba yake.

"Baba alininyang'anya mara sita, dada yangu. Mara ya saba nilimpelekea mwenyewe. Ndiyo ikawa ya mwisho."

Akanirudishia kichupa. "Mpe."

"Nimpe sumu kwa mkono wangu?"

"Mpe. Alikuwa njiani anakuja, wewe ukamkatia njia."

Nikatoka. Mbele ya watoto wote nikakiri kwamba mwizi ni mimi, nikampa binti yangu kichupa chake. Aliniangalia kwa hasira, na kidogo kwa huruma. Kisha akaingia stoo peke yake. Sote tukasikia mfuniko ukifunguka na kufungwa.

Fundi hakupiga makofi wala kuhutubia. Alichukua upawa nilioudondosha, akausuuza, akamwambia binti yangu alipotoka, "Kiongozi, watu wako wana njaa." Basi binti yangu akapanga kundi lake foleni, akawa wa mwisho kula.

Tumesharudi nyumbani. Begi lake linaning'inia nyuma ya mlango. Mkono unaniwasha kila nikipita, lakini sijaligusa.