Kamera Ilipokuja Bondeni

Jumamosi, Aprili 1957. Tangu asubuhi upepo umeleta vumbi jeupe la ziwani. Radi imenguruma upande wa mlima wa Menengai lakini mvua haikushuka.

Leo sikuweza kukaa kitako. Mzungu wa filamu alikuwa anakuja kutoka Nairobi kutazama mchezo wetu, na akiridhika angenichukua nikawaongoze waigizaji wake. Nimeongoza michezo ya Krismasi kanisani, kisha ile ya kuimba hapa holini, lakini filamu sijawahi, na shule niliishia darasa la nne. Nilipanga viti, nikavipangua, nikavipanga tena.

Tulicheza nje ya holi kwa sababu kamera inataka jua. Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, ndiye anayecheza baba mkwe mchoyo, na hapa mjini hakuna anayemshinda. Mzungu akaomba watu waliokuja kutazama wanyamaze kabisa. Wakanyamaza.

Shemeji akatokea, akawageukia. "Nani amekula kuku wangu?"

Akangoja. Kwetu mchezo unaenda hivyo: mchezaji anauliza, watu wanamjibu, na bila jibu haendelei. Filamu ikazidi kuzunguka ndani ya kamera. Mama mmoja alijiziba mdomo kwa leso. Nikampungia shemeji mkono aendelee; yeye akadhani nawaamsha watu, akawapungia pia.

"Ni wewe mwenyewe!" wakamjibu wote pamoja, na vicheko juu.

Mzungu akasimamisha kamera. Hakukasirika, lazima niseme haki. Alinieleza kwamba filamu ikishapita hairudi, na kwamba mtu wa kwenye picha hatakiwi kujua anatazamwa. Halafu akanivuta kando: mimi ananitaka, nianze Jumatatu, lakini shemeji hapana.

Nilikubali upesi mno. Au labda haikuwa upesi, sijui. Shemeji hakukosea. Alicheza vile nilivyomfundisha.

Nilimwambia tukirudi nyumbani. Alitembea mbele yangu mpaka kwenye kona ya fundi viatu.

"Nenda, shemeji," akasema. "Lakini hiyo picha yako ikiletwa hapa nitakuja kuitazama, na ikiuliza kitu nitaijibu."

"Ujibu kwa sauti."

"Kwani ninayo ndogo?"

Tulicheka, ila yeye alinyamaza kabla yangu.

Jioni tulikula ugali na kunde. Mke wangu alimpakulia kaka yake kwanza, mimi akanipakulia mwisho, baada ya watoto; kaka yake alikuwa ameshamweleza.