Tui Lililomkatikia Mama

Harufu ya tui lililokatika haifichiki. Jana mjukuu wangu, huyu anayeniandikia haya, aliliacha jikoni akaenda kupiga soga mlangoni. Mafuta yakajitenga, zikabaki chenga nyeupe, na nyumba nzima ikanuka uzembe. Nilimkaripia. Na aliandike hilo pia.

Harufu hiyo ilinirudisha Tiwi, miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana mdogo. Moto ulikuwa umeteketeza mtaa wa nyumba za makuti huko Mombasa. Mablanketi yaligawiwa, kisha waliounguliwa wakavuka Likoni kutafuta jamaa zao. Wasiokuwa na jamaa, wazee wa msikiti waliwagawanya majumbani. Sisi tulipewa Bi Zuhura, mpishi wa harusi aliyesifika mjini. Moto ulikuwa umemchukua mama yake mzazi.

Alikaa barazani kwetu na kanga yake yenye harufu ya moshi, hasemi, hali. Majirani walimletea uji, mahamri na pole nyingi. Vyote vilipoa mbele yake. Mashavu yakaanza kubonyea. Nilimsikia Mama akimnong'oneza Baba, "Mtu huyu atatufia mikononi."

Asubuhi moja Mama alimketisha kwenye kigoda karibu na mafiga, akabandika chungu cha mchuzi wa samaki. Alimimina tui zito, kisha akaanza kunisimulia habari za kuku wetu, mwiko ameulaza kando. Nilishangaa. Kwetu tui likishatiwa chunguni halipewi kisogo. Hukorogwa mpaka litokote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefinywa kwa kosa hilohilo.

Tui likaanza kufura.

"Koroga!" Sauti ilikuwa ya kukwaruza, nami nikaruka. "We mwanamke, koroga! Linakatika!"

"Eti?" aliuliza Mama, bila haraka.

Likakatika.

"Mwanamke wa pwani gani wewe?" alisema Bi Zuhura. "Mchuzi huu hata paka ataomba udhuru!"

"Basi shika wewe mwiko, dada yangu, kama u fundi."

Bi Zuhura aliinuka, akawaopoa samaki, akadai nazi nyingine na mbuzi ya kukunia. Alikuna huku akimsuta Mama, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. Mpishi hapiki bila kuonja: akaonja chumvi, akaonja ndimu, akaonja tena. Jua lilipopanda, alikuwa amekula.

Mimi niliona aibu. Kisa kilienea kijijini, na visimani wanawake wakamcheka Mama, naye asiyemvumilia mtu kwa mzaha akawaacha wacheke. Alipofariki, hakuna aliyekuwa amewahi kuona tui likimkatikia tena.

Sikulitafakari hilo mpaka mwaka ambao mke wa mwanangu aliletwa kwangu mjane, akakaa jikoni akiutazama ukuta, chakula hakigusi. Nilibandika chungu, nikamimina tui zito. Lilipoanza kufura, niliuweka mwiko chini, nikaanza kusimulia habari za kuku.