Uwanja wa Ulezi Haukuwa wa Mpira

Siku ile kule Ibaba, wakati wa Mwingereza, tulikuwapo hawa: mama yangu, baba mdogo aliyerudi likizo kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, kaka zangu wawili, na mimi. Baba alikwenda msibani Isansa. Majina yao ninayo yote, ila nimeyaacha.

Baba mdogo alikuja na mpira wa ngozi. Kwetu ni milima mitupu, na palipo sawa palikuwa mahali pamoja tu: uwanja wa kupuria ulezi. Mama alikuwa ameusiriba kwa mavi ya ng'ombe, umekauka vizuri. Ukipasuka, mchanga unaingia kwenye ulezi, na punje za ulezi ni ndogo mno, hata upepete vipi mchanga hautoki. Mtautafuna kwenye ugali mpaka mavuno mengine.

Basi mama alipouona ule mpira, alichukua kigoda akaketi katikati ya uwanja.

"Shemeji, umekuwa golikipa?" baba mdogo akamtania.

"Nalinda ugali wako."

"Kidogo tu, shemeji. Tutacheza bila viatu."

"Hata mkicheza kwa magoti."

Wakaenda kuchezea mteremkoni. Kaka yangu mkubwa akapiga mara moja, mpira ukashuka hadi mtoni. Wakaufuata, wakapanda nao wakihema, wakapiga tena, ukashuka tena. Kaka zangu wakakaa chini, wakasema mchezo gani huu wa kukimbizana na bonde.

Baba mdogo akarudi amekasirika. "Kule ng'ambo Jumapili mji mzima uko uwanjani. Nchi hii haitaupenda mpira kamwe."

Mama hakuinuka. "Huko king'ora kinalia, mnaambiwa kazi imekwisha. Mimi hapa nani kaniambia imekwisha? Masuke yale pale. Kamata fimbo."

Baba mdogo akageuka na mpira kwapani. Kisha akauweka ndani, akakamata fimbo, na kaka zangu nao. Wakapura mpaka jua likainama, mama akiwafagilia punje. Mwaka ule tulikula ugali laini.

Kaka yangu mdogo husema waliupiga mpira mara tatu. Mimi nakumbuka mbili. Kama yupo mtu wa Ibaba aliyesikia vingine kwa wazazi wake, anisahihishe, sitanuna.