Fungua Kamba Kabla ya Kuvuka

Nakumbuka asubuhi moja katika njia ya Bengamisa, mwanangu, miaka ile uhuru ulipogeuka vita. Tulikuwa tumekimbia Kisangani watu watatu: mimi, yaya wangu Mwamini, ndiye dada yangu mkubwa, na mume wake Bolamba, fundi wa kushona. Jina lake ninaliandika wazi. Miaka mingi niliogopa kulitaja, sasa siogopi tena.

Mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Tulipofika kwenye kijito, maji yalikuwa mekundu, yanabeba matawi. Wanawake wa kwetu wanabeba kikapu mgongoni, kamba ya gome ikipita kwenye paji la uso. Ukiingia majini unaishusha kamba ile mkononi; ukiteleza, unaiachilia, kikapu kiende zake. Mama alitufundisha hivyo tungali wadogo. Lakini ndani ya kikapu cha yaya kulikuwa na kichwa cha mashini ya kushona. Bolamba akachukua kamba nyingine, akamfunga nayo kifuani, mafundo mawili.

“Sasa haiwezi kuanguka,” akasema.

“Shemeji, maji iko na nguvu. Tungojee kidogo ipunguke.”

“Ungojee nini? Askari wakuje kukupikia chai?” Akacheka. “Mutoto wa Kisangani, anaogopa kamuto kadogo hivi!”

Yaya akanigusa shavu. “Usinune, mudogo yangu. Nitatangulia, wewe utafuata.”

Bon, nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilijua fundo lile ni hatari, na sikutaka kuitwa mwoga. Kosa hilo ni langu, simpi Bolamba.

Yaya aliteleza katikati. Niliona mikono yake ikitafuta fundo. Haikutafuta jiwe wala tawi, fundo tu.

Hakuna askari aliyekuja siku ile. Saa kumi maji yalikuwa magotini. Magotini, mwanangu! Tulimkuta chini kidogo, kikapu kingali mgongoni. Bolamba alishona kwa mashini ile miaka mingi, na watu walimsifu kwa suruali zake.

Donc, wewe unayepanda milima na wenzako siku hizi, nisikilize. Ukiona maji yamekuwa rangi ya udongo na yanabeba matawi, kaa chini, ule, ungojee. Mvua ikikatika, kijito kinashuka upesi kuliko unavyofikiri, na kama hakishuki, rudi ulikotoka. Ukivuka, tafuta mahali maji yanapopanuka, acha gogo lililolowa, shika fimbo ndefu, uso uelekee maji yanakotoka. Na mzigo, mwanangu, ulegeze kamba zake zote kabla mguu haujalowa. Mkubwa akikufunga fundo, lifungue mbele ya macho yake. Akikucheka, acheke.

Kitu kinanunuliwa tena. Yaya wangu sikumpata tena mahali popote.

Mungu akutangulie katika kila maji, akufikishe ng'ambo mzima, hata ukifika wa mwisho.