Begi la Keza

Sheria ya skauti niliitia saini mwenyewe: mtoto anayekwenda kambini apange begi lake, mzazi asiliguse. Lakini Keza wangu ana miaka minane, na mimi mikono yangu haijui kutulia. Alipokuwa akioga, nikalifungua. Nikakuta kitenge changu kilichopauka. Nikacheka, "Huyu mtoto, kitenge cha nini?" Nikakitoa, nikajaza sweta tatu na chupa ya uji, kisha nikajifunga hicho kitenge tukashuka uwanjani Kagarama.

Kiongozi akawaambia watoto waonyeshe vitu vyao. Keza akapekua begi hadi chini, machozi yakimlengalenga.

"Kitenge cha mama hakimo. Nilikiweka ili nilale nacho."

Kiongozi, wazazi na Keza mwenyewe, wote wakatazama kiuno changu.