Ujumbe Ulioishia Mpakani

Mpaka leo nikimwona yule mtaalamu anakatiza mtaa wa Njoro hapa mjini na begi lake la kompyuta, damu inanichemka. Ni mtu mpole, ananisalimia vizuri, na hilo linanikera zaidi.

Alikuja kwetu mlimani na mradi. Masika yakianza, mnara wa simu wa kule juu huzimika siku nyingi, kwa hiyo wakaweka kitu kwenye simu za watu: simu moja ikipita karibu na nyingine inaiachia ujumbe, nayo inaubeba mpaka ikutane na simu ya mwenyewe. Wazo zuri, sikatai. Kisha wakachunguza nani hukutana na nani, ili ujumbe usizurure ovyo. Kompyuta ikamchagua jirani wa mama yangu awe mbebaji wa ujumbe wake. Mzee ana kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kijiji kizima kinapita kwake, na migomba yake imepakana na ya mama.

Mtoto yeyote wa kwetu angewacheka. Mama na mzee yule hawajasalimiana tangu aliposogeza mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, upande wetu. Mama huzunguka njia ya juu, kwenye matope, asipite mbele ya kilabu. Nilimweleza mtaalamu.

"Dada, hizo ni hisia," akanijibu. "Sisi tunaangalia tabia za watu."

Kana kwamba kununiana si tabia! Kwetu watu hununiana mpaka wanazikana.

Masika hayo mama alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilishakufa, na la pili lilikuwa linamfifia. Daktari mgeni wa macho alikuja mjini kwa siku chache tu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye foleni ya hospitali, na foleni ile ukiiacha umeipoteza. Nafasi ilipopatikana, mnara ulikuwa umezimika. Nikatuma ujumbe kwa njia yao hiyo: mama ateremke kesho asubuhi bila kukosa. Ukapanda mlima kwenye simu ya mama mmoja aliyekuwa anarudi kutoka sokoni, ukaingia kwenye simu ya mzee, ukakaa hapo.

Mama hakuja, na daktari akaondoka zake.

Nilipanda nimefura, nikaenda moja kwa moja kilabuni. Hata shikamoo niliitoa kwa shida.

"Simu iliniandikia nina ujumbe wa mama yako," mzee akasema, kichwa chini. "Nikaenda mpakani, nikamwita asogee simu zetu zikutane. Nilishika jani la sale, mwanangu. Akageuka, akafunga mlango."

Kwetu aliyekukosea akikujia na jani la sale mkononi, huna ruhusa ya kumkatalia msamaha. Hata wauaji wamesamehewa kwa jani hilo. Nikamwambia mzee ni mwongo, nikakatiza migomba mpaka kwa mama. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi kwa kupapasa.

"Mama, ulimsikia jirani akikuita?"

"Nilimsikia."

"Sasa mbona hukutoka?" Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Mbona hukutoka, mama?"

Akageuzia uso upande wa sauti yangu, kisu bado kiko mkononi.

"Alikuja mikono mitupu," akasema kwa hasira. "Angekuwa na sale, si ningeliona?"