Kichupa cha Mpwa Wake

Majirani walimwita Bwana Vichupa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kubeba sampuli za wagonjwa kwa pikipiki kutoka zahanati za mbali hadi maabara kuu, ili serikali ijue ni ugonjwa gani umezuka na wapi. Siku hiyo, ndani ya boksi la barafu, alibeba ya mpwa wake, aliyekuwa akiharisha maji matupu.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari walimsimamisha.

“Fungua boksi.”

“Afande, nakuomba, barafu itayeyuka.”

“Unanifundisha kazi?”

Wakaliacha wazi juani wakimsubiri mkubwa wao. Walipomruhusu, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Akaenda hivyo hivyo. Mfa maji haachi kutapatapa.

Mpokeaji wa maabara alikishika kichupa, akaguna. “Imeharibika hii, bwana. Kalete nyingine.”

Aliporudi, mtoto alikuwa ameshazikwa. Dada yake alikuwa ameketi sakafuni, macho makavu.

“Wamesemaje, kaka? Kilichomuua mwanangu ni nini?”

Nyumba ya pili, mtoto mwingine alikuwa ameanza kutapika.